Choo Kimegoma na Kodi Umeshalipa: Vidokezo kwa Mpangaji wa Mikindani

Ukisoma ushauri wanaopewa wapangaji wa Ulaya au Marekani, mara nyingi utaambiwa hivi: bomba likipasuka na mwenye nyumba akanyamaza, zuia kodi ya mwezi ujao. Ushauri mzuri kwao. Mikindani hauna pa kushika, kwa sababu kodi ya miezi sita au mwaka mzima uliitoa siku ile ile uliyokabidhiwa ufunguo, na hivi sasa pesa hiyo imeshakuwa bati la nyumba nyingine, ada ya mtoto au dawa ya mikorosho. Utazuia nini?

Kwa hiyo vidokezo hivi vinaanzia kwingine. Mpangaji wa hapa ana nguvu kabla hajalipa, ana nguvu akiwa na maandishi, na ana nguvu akijua bomba lipi ni la nani. Nje ya hapo hubaki na kelele tu, na kwa kelele mwenye nyumba amekuzidi uzoefu.

1. Anzia chooni, sebule baadaye

Dalali atakupitisha sebuleni kwanza kwa sababu vigae vinang'aa. Mpite, nenda chooni. Vuta maji mara mbili mfululizo. Mwaga ndoo nzima ya lita 20 na uangalie inashuka kwa kasi gani. Fungua koki zote kwa pamoja uone kama ya bafuni inakufa ya jikoni ikifunguliwa. Pitisha kiganja ukutani nyuma ya bafu. Unyevu hausemi uongo hata kama rangi ni ya jana. Toka uani, omba mfuniko wa chemba ufunuliwe. Maji yakiwa yamesimama hadi juu, shimo limejaa au bomba la kuelekea shimoni limeziba, na tatizo hilo litakuwa lako kuanzia utakapolipa.

Kisha mtafute mpangaji anayehama, au jirani wa ukuta mmoja, umuulize: maji yanatoka siku gani, na shimo lilinyonywa lini? Usimuulize dalali. Dalali anapata kodi ya mwezi mmoja ukikubali, na hapati kitu ukikataa.

2. Nyumba ya bondeni, ikague siku ya bamvua

Hili halimo kwenye vitabu vya wapangaji wa Ulaya, lakini kwa mji uliokaa pembeni ya ghuba lina uzito wake. Kwenye viwanja vya chini, karibu na mikoko, maji ya ardhini hayako mbali na uso wa udongo, na hupanda na kushuka yakifuata bahari. Mwezi mchanga na mwezi mpevu huleta bamvua. Maji yakijaa, shimo la choo lililochimbwa bila kujengewa vizuri hujaa kutoka chini. Choo kinarudisha, fundi anaitwa, anasukuma waya saa nzima, analipwa, na baada ya siku chache maji mafu yakiingia choo kinapona chenyewe. Fundi anasifiwa kwa kazi iliyofanywa na mwezi.

Basi kama nyumba iko chini, irudie siku ya bamvua kabla ya kulipa. Na kama umeshahamia, weka alama kwenye kalenda kila choo kinapogoma. Alama zikiangukia mwezi mchanga na mwezi mpevu, au zikianza tu mvua za Desemba zinapokolea, dawa ni shimo jipya lililoinuliwa na kujengwa, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Kumlipa fundi wa waya kila mwezi ni kutupa pesa.

Ukiwa hapo hapo, angalia kisima kama kipo. Kanuni inayotumika sana ni angalau mita 30 kati ya kisima na shimo la choo. Kwenye viwanja vya mji wa zamani umbali huo ni ndoto, kwa hiyo maji ya kisima cha uani yafulie na kuoshea, ya kunywa yatafute kwingine au yachemshe.

3. Mkataba wa mistari minne ya maji

Mikataba mingi inayouzwa madukani inazungumzia kodi, ufunguo na "kutunza mazingira". Maji hayamo. Ongeza kwa kalamu, wote wawili mtie sahihi pembeni: nani anagharamia kunyonywa kwa shimo likijaa, nani anatengeneza bomba la ndani ya ukuta na la chini ya ardhi, matengenezo yafanyike ndani ya siku ngapi baada ya taarifa, na mpangaji akitengeneza kwa ridhaa ya mwenye nyumba, gharama ikatwe kwenye kodi ipi. Mistari minne tu. Mwenye nyumba anayekataa kuiandika amekupa jibu lako mapema, tena bure.

Piga picha za choo, mita na dari siku hiyo hiyo. Lipa kwa benki au kwa simu ili risiti iwepo. Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu pia, kwa sababu hati isiyolipiwa inaweza kuwekewa pingamizi unapotaka kuitumia kama ushahidi.

Mkataba ulikuwa wa mdomo? Usikate tamaa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inautambua upangaji wa muda mfupi, wa mwaka mmoja au chini, hata bila maandishi. Tatizo litakuwa kuthibitisha mlichokubaliana, ndiyo maana picha na risiti zina thamani.

4. Mita ndiyo mpaka

Kabla ya kumgombeza mtu, simama penye mita. Kwa kawaida, kinachovuja kabla ya mita, upande wa barabarani, ni cha MTUWASA, mamlaka ya maji ya Mtwara. Kinachovuja baada ya mita, kuja ndani, ni cha wenye nyumba. Wapangaji wengi hupoteza wiki nzima wakipiga simu upande usiohusika.

Jaribio la usiku halina gharama. Watu wote wakishalala, hakikisha koki zote zimefungwa na simtanki limejaa, andika namba za mita. Alfajiri, kabla ya mtu kuchota maji ya kutawadha, soma tena. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja. Kuhusu choo, weka bluu ya kufulia kwenye tangi lake la maji, usivute kwa nusu saa. Maji ya bakuli yakigeuka buluu, raba ya ndani imechoka, na hiyo ni kazi ya dakika chache. Usidharau uvujaji mdogo: koki inayodondosha tone kila sekunde inaweza kujaza ndoo ya lita kumi na zaidi kwa siku, na uniti moja unayotozwa ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20.

Kama tatizo ni la mamlaka (mita mbovu, bili isiyoeleweka, bomba la barabarani), peleka malalamiko MTUWASA kwa maandishi na udai namba ya kumbukumbu. Wasipokujibu vya kuridhisha, ngazi inayofuata ni EWURA, ambayo ndiyo mdhibiti wa huduma za maji, na lipo baraza la watumiaji, EWURA CCC, lililoundwa kumsemea mteja. Kumbuka tu kwamba akaunti huwa kwa jina la mwenye nyumba. Mwombe barua fupi ya kukuruhusu kuifuatilia.

5. Funga koki kwanza, hasira baadaye

Jua koki kubwa ya nyumba iko wapi siku ya kwanza unapohamia, ili bomba likipasuka uifunge kwanza. Ijaribu. Nyingi zimeshikwa na kutu ya chumvi ya bahari na hazigeuki tena. Hiyo nayo iandike.

6. Shikamoo iende kwanza, barua iifuate

Mikindani si mji wa kuanza na barua ya wakili. Mwenye nyumba wako huenda ni bibi wa rafiki yako, au mnaswali msikiti mmoja, au mtakutana kesho kwenye arusi. Mpigie, au bora zaidi mfuate, umpe shikamoo yake, umweleze. Matatizo mengi huishia hapo, na yaishie hapo.

Lakini usiku huo huo mtumie ujumbe wa kukumbushia mliyozungumza. Ujumbe wa simu na WhatsApp si porojo mbele ya sheria: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inauruhusu kutumika kama ushahidi. Siku alizoahidi zikipita, andika barua. Isiwe na matusi wala vitisho, iwe na tarehe. Kwa mfano:

"Shikamoo Mama. Nakuandikia kuhusu choo cha nyumba ninayopanga kwako. Tangu tarehe 3 mwezi huu maji machafu yanarudi kila tunapovuta, na chemba ya uani inafurika. Tarehe 4 nilikupigia ukaniahidi fundi. Leo ni tarehe 12 hajafika. Ndani nina mtoto mdogo. Naomba fundi afike kabla ya tarehe 19. Ikiwa haitawezekana, naomba ruhusa yako ya maandishi nimtafute mimi, na gharama ikatwe kwenye kodi ijayo. Picha nimeziambatisha. Ni mimi mpangaji wako."

Mwenye nyumba yuko Dar es Salaam na hapa ameacha msimamizi? Wapelekee wote wawili. Msimamizi akisema "nimeshamwambia", pengine kweli kamwambia, pengine kamwambia nusu.

7. Ijue namba 88

Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinaorodhesha ahadi ambazo mwenye nyumba anahesabiwa amezitoa hata kama mkataba haukuzitaja. Tatu zinakuhusu moja kwa moja. Kwanza, nyumba au chumba cha kuishi kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku unapoingia, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Pili, ukipanga sehemu tu ya jengo, kama ilivyo kwa wengi wetu wa chumba na sebule, basi paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji machafu na huduma za pamoja ni juu yake kuzitunza. Choo cha pamoja cha uani kimo humo. Tatu, nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko au ajali isiyotokana na uzembe wako hadi isifae, kodi au sehemu yake inasimama mpaka itengenezwe, na ikipita miezi sita bila kutengenezwa una haki ya kuvunja upangaji kwa notisi ya mwezi mmoja.

Nawe una upande wako, kwenye kifungu kinachofuata: kulipa kodi na kuitunza nyumba. Nepi uliyoitupa chooni si kosa la mwenye nyumba. Na ahadi nyingine ya kifungu cha 88, ya kukaa kwa amani bila kubughudhiwa, imefungwa na sharti la kulipa kodi, ndiyo sababu nasema hata ukiwa na haki yote duniani, usigome kulipa kodi iliyofikia muda wake kwa uamuzi wako peke yako. Utakuwa umemgeuza mwenye nyumba kuwa mlalamikaji.

Lakini sheria haikupangii kiwango cha kodi. Ile sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, pamoja na mabaraza yake ya nyumba ambayo wazee bado wanayataja kama yapo.

8. Kutengeneza kwa mfuko wako

Mara nyingi ndiyo njia ya haraka, na mimi naipenda kuliko kesi. Masharti ni matatu. Ridhaa iwe ya maandishi, hata ujumbe wa simu unaosema "sawa, tengeneza, tutakata". Makadirio yawe ya mafundi wawili, vifaa na ufundi vikitajwa mbalimbali, umtumie mwenye nyumba kabla kazi haijaanza. Risiti za dukani ziwe na tarehe, na kifaa kibovu kilichotolewa ukitunze kwenye mfuko hadi mtakapomaliza hesabu.

Fundi bomba aliyepita VETA si lazima awe bora kuliko aliyejifunzia kazini, lakini yeyote atakayekuja muulize swali hili: bomba gani, na kwa nini? Karibu na bahari, bomba la chuma huliwa na kutu upesi. La plastiki linadumu mradi lisiachwe juani. Fundi anayejibu bila kukasirika, mpe kazi.

9. Kwenye nyumba za mawe za mji wa kale

Nyumba za zamani za Mikindani, zile za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, zina tabia zao. Ukuta wa chokaa hupokea unyevu na kuutoa taratibu. Ukiupaka saruji kuficha doa la bomba linalovuja, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inajikusanya, na baada ya muda plasta inamomonyoka vipande vipande. Kwa hiyo mwenye nyumba akikuletea fundi wa kupiga plasta kabla ya fundi bomba, mkatalie kwa upole: kwanza uvujaji uzibwe, ukuta ukauke, kisha upakwe chokaa.

La hatari zaidi ni bafu lililowekwa ghorofani miaka ya karibuni juu ya sakafu ambayo haikujengwa kubeba maji. Boriti ikilowa mfululizo inaoza upande ule usiouona, ule ulioingia ukutani. Ukiona dari imelegea, au unga wa mbao unaanguka chini ya bafu la juu, hamisha kitanda leo hii. Barua utaiandika ukiwa chumba kingine. Na bomba jipya lipite nje ya ukuta, hata kama halipendezi. Kutoboa ukuta wa matumbawe ili kuficha bomba ni kuharibu ukuta na kuuficha uvujaji ujao.

10. Majitaka uani? Mwite bwana afya

Kwa maoni yangu hii ndiyo silaha inayosahauliwa kuliko zote. Kinyesi kinachotiririka si mgogoro wa kodi, ni hatari kwa mtaa mzima, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya mamlaka ya kukagua na kumtaka mwenye eneo aondoe kero. Afisa afya wa kata unampata kupitia ofisi ya mtendaji. Huhitaji wakili, na huhitaji kusubiri mkataba uishe. Mshirikishe jirani naye: barua yenye sahihi za kaya nne ina uzito kuliko malalamiko ya mpangaji mmoja, na inamwondolea mwenye nyumba kisingizio kwamba wewe una chuki naye.

Wakati mnasubiri, watoto wasicheze uani, maji ya kunywa yachemshwe, na ndoo ya kuchotea isikae chini.

11. Mita moja, vyumba sita

Bili ya pamoja huvunja urafiki. Hesabuni kwa vichwa, si kwa vyumba, na bili ibandikwe ukutani kila mtu aione. Ikiruka ghafla, fanyeni jaribio la usiku kabla ya kumtuhumu mama wa vyumba vya nyuma mwenye kuuza barafu.

12. Ngazi za mashauri, kwa mpangilio wake

Balozi wa nyumba kumi ni wa chama, si wa serikali, lakini kwa upatanishi wa mtaani watu wanamheshimu na mwenye nyumba huona aibu mbele yake. Anza naye ukipenda. Kisha mwenyekiti na mtendaji wa mtaa. Kisha Baraza la Kata.

Hapa kuna mabadiliko ambayo wengi hawajayasikia: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu kwenye migogoro ya ardhi, linapatanisha. Likishindwa linatoa cheti cha kushindwa, na zikipita siku 30 bila usuluhishi unaweza kuendelea mbele bila cheti. Mbele ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Mtwara mjini. Unaweza kujisimamia mwenyewe. Kama unachodai ni pesa tu, muulize karani kabla hujalipia ada kama dai lako ni la hapo au la Mahakama ya Mwanzo. Swali hilo linaokoa nauli nyingi.

Huna uwezo? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, watu waliofunzwa ambao wanakusaidia bure kuandika na kupanga vielelezo. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii au ustawi wa jamii ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani.

13. Mwenye nyumba akiwa shirika

Ukipanga kwa Shirika la Nyumba la Taifa, shikamoo haina kazi kubwa. Barua ipelekwe ofisi ya mkoa, nakala igongwe mhuri wa "imepokelewa", baki nayo.

14. Kuhama kabla ya muda

Usihame usiku. Ukiondoka bila notisi, umempa sababu ya kukaa na kodi yote iliyobaki. Andika kwamba nyumba haifai kukaliwa, taja tarehe za barua zako, mpe notisi, na udai kodi ya miezi ambayo hutakaa. Kama mkataba hautaji muda wala notisi, na kodi mnalipana kwa mwezi, notisi yake ni mwezi. Siku ya kukabidhi ufunguo mwite mtu wa mtaa ashuhudie, piga picha upya na msome mita pamoja.

Wenye nyumba wengi hawana hiyo pesa ya kurudisha, wameshaijengea. Kubali kulipwa kwa awamu, lakini ziandikwe. Au mtafutie mpangaji mwingine atakayeingia baada ya matengenezo, ulipwe kutokana na kodi yake. Hilo nimeona likifanya kazi kuliko vitisho vyote.

15. Mkataba ukiisha, ndipo pa kushika

Siku za mwisho wa mkataba, kodi mpya ikiwa bado iko mfukoni mwako, ndiyo mara pekee katika mwaka mnapokaa mezani mkiwa sawa. Nenda na orodha: shimo, koki kubwa, raba ya choo, dari. Sema utalipa miezi mitatu sasa na mitatu mingine kazi ikikamilika. Msimu wa korosho, fedha za mnada zikiingia, wanaotafuta nyumba wanakuwa wengi na hutasikilizwa sana. Kwa hiyo ukipanga upya, jitahidi mkataba wako uishie Julai au Agosti, udongo ukiwa mkavu na wapangaji wachache.